Senene kwenye Sikukuu ya Vijiti

Juzi nilikuwa kwenye duka la vitambaa mjini Bukoba, nikingoja kukatiwa bitana, alipoingia mama mmoja wa Kitendaguro, kidole gumba kimefungwa plasta. Mwenye duka, mama wa Kihindi aliyezaliwa hapa hapa, akacheka.

"Nilikuambia ugonge kijiti, si mkono wako."

Ni siku za Navaratri, sikukuu ya Wahindu, na kila usiku yeye na marafiki zake wanacheza kwa duara wakigonganisha vijiti. Huyu wa Kitendaguro, mwanakwaya wa Kilutheri, amealikwa.

Akatoa kifurushi cha jani la mgomba. "Leo siji mikono mitupu. Senene, waitu," akasema kwa adabu ya Kihaya. "Nimewakaanga mwenyewe."

Wote dukani tukamtazama mwenye duka. Kwetu Wahaya senene, wale panzi wa kuliwa, wakiletwa zawadi hawakataliwi, na mwenye duka hali nyama kabisa.

"Senene si nyama," mgeni akajitetea.

"Ana miguu."

"Hata meza ina miguu."

Mwenye duka akakipokea kifurushi kwa mikono miwili, kwa heshima zote. "Bibi yako alikuwa anakula senene?"

Mgeni akatazama plasta yake. Zamani wanawake wa Kihaya waliwakamata senene, wakawanyonyoa, wakawakaanga, lakini walaji walikuwa waume tu; kwa mwanamke ilikuwa mwiko.

"Basi mpelekee mumeo," mwenye duka akasema, akimrudishia kifurushi taratibu. "Mimi nafuata mila za Wahaya. Ninyi ndio mmeziacha. Usiku uje na vijiti tu."

Nilichukua bitana yangu nikaondoka. Nyumbani kwangu senene huisha jikoni, mume hajafika hata getini.