Mkwe Katika Uwanja wa Kabambare

Ile siku tuliyowashinda watu wa Kabambare haijanitoka kichwani, mwanangu, na kila ninapoikumbuka natazama chini kama mtu aliyekutwa jikoni kwa jirani. Tulishinda, sikatai. Aibu yenyewe ilianzia katika ushindi ule.

Nakueleza kwa sababu sasa umepewa timu yako, unalipwa kwa kazi hiyo, na uliniambia kwamba rais wa klabu anakupigia simu kila mnapofungwa, tena wakati mwingine hata mkitoka sare. Ulisema huli vizuri. Ninakuamini. Zamani zetu hapakuwa na klabu za kulipwa huku Maniema, lakini mtu aliyesimamishwa mbele ya timu alikuwa amebanwa vilevile.

Nilikuwa karani wa kampuni ya pamba pale Kasongo, enzi za Wabeleji. Nilikuwa nimesoma kwa mapadri mpaka mahali ambapo mtu mweusi aliruhusiwa kufika, na nilikuwa na kiburi cha kusoma. Kila jambo nililiuliza lilitoka wapi na lilikuwa na faida gani. Nisiposikia jibu la kuniridhisha, nililitupa. Msimamizi wetu, Mbeleji mmoja mnene aliyependa mpira kuliko pamba, aliona ninazungumza Kifaransa na ninajua kupanga mambo, akanipa ekipe, yaani timu, ya kampuni. Ndivyo nilivyopata kuwa antrenere, kocha wa timu, bila kuwahi kucheza vizuri hata siku moja.

Usifikiri ilikuwa heshima tupu. Asubuhi baba wa huyu ananiletea kuku ili mtoto wake acheze. Mchana wajomba wa yule wananisimamisha njiani kuuliza mtoto wao amekosa nini. Wachezaji nao walitaka kumwita fundi wa dawa aje kupaka milingoti ya goli. Nikacheka, nikakataa, na mpaka leo naona nilikuwa na haki kukataa. Kosa langu lilikuwa kwamba mambo yote nisiyoyaelewa niliyatia katika gunia moja, nikaliita ujinga, nikafunga kamba.

Basi ikafika sikukuu ya Wabeleji, tukaalikwa kugombea kombe Kabambare, mbele ya administrateri, Mbeleji mkuu wa wilaya. Kabla hatujapanda lori, msimamizi aliniita ofisini. Hakupaza sauti. Alisema tu kwamba amewaahidi wenzake ushindi, na kwamba nikishindwa, kuna kazi ya kupima pamba huko porini, mbali na Kasongo, inamngojea karani mwenye akili. Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza. Nikatoka, nikapanda lori.

Njiani vijana waliimba mpaka tukavuka mto Luama, wakaimba tena tulipopanda upande wa pili. Mimi sikuimba. Nilikuwa napanga nani asimame wapi, na upande wa kulia nyuma nilikuwa nimempanga Amisi. Huyu alikuwa fundi seremala wa kampuni, kijana mpole, mwenye kifua kipana, na hakuna mshambuliaji aliyempita kirahisi. Alikuwa ameoa Kabambare, binti aitwaye Zaina. Hilo nililijua. Nisilojishughulisha kulijua ni kwamba baba wa Zaina alikuwa amekufa, na aliyemlea na kupokea mahari yake ni kaka yake mkubwa, Ramazani. Kwa hiyo Ramazani alikuwa mkwe wa Amisi sawasawa na baba mzazi. Na Ramazani ndiye aliyekuwa mshambuliaji wa kushoto wa Kabambare.

Wewe umezaliwa mjini, labda hujaona mambo haya. Kwetu mkwe hukutani naye kifua kwa kifua. Ukimwona njiani unapisha. Huli naye sahani moja mpaka upewe ruhusa, humgusi, wala huthubutu kuona mwili wake. Mimi nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba hizo ni hadithi za wazee.

Mpira ukaanza. Ramazani alipopata mpira mara ya kwanza, Amisi alimkimbilia, kisha akasimama ghafla, mikono akaiweka nyuma, akapisha njia. Watu wa Kabambare wote wakaelewa kabla yangu. Wakaangua kicheko.

“Amisi, umupe na kiti akae!” mmoja alipaza sauti.

“Mukwe anapita! Fungua mulango!” wakaitikia wengine.

Hata Ramazani mwenyewe alikuwa kama anaona haya. Alijaribu kuhamia katikati, lakini wenzake waliendelea kumpelekea mpira upande ule. Wakafunga bao. Msimamizi wangu, aliyekuwa amekaa kwenye viti vya Wazungu karibu na administrateri, alinitazama tu, akageuza kichwa. 

Wakati wa mapumziko Amisi alinifuata kabla sijamwita.

“Bwana Karani, uniweke kushoto,” alisema kwa sauti ndogo. “Ule iko mukwe wangu.”

“Katika mpira hapana mkwe.”

“Iko, Bwana. Mama mukwe naye anakaa pale, anaangalia. Unihamishe tu, nitacheza. Utaona.”

Mwanangu, ilikuwa kazi ya neno moja. Beki wa kushoto alikuwa amesimama pale pale, anakunywa maji. Ningesema, “Badilishaneni,” basi yamekwisha. Lakini nilihisi macho ya Mzungu mgongoni, na nilihisi pia kwamba nikikubali, nitakuwa nimekubali kwamba mambo ya gunia lile yana maana. Nikampazia sauti mbele ya wote.

“Akikupita tena, usirudi kwenye ekipe. Na kesho usirudi kwenye kazi.”

Kazi ya useremala haikuwa mkononi mwangu. Nilisema tu. Kitisho nilichobebeshwa ofisini nilimtwika yeye, nikaongeza na uzito wangu.

 Amisi alifunga vizuri kamba ya kaptura yake, akarudi uwanjani.

Mvua ya usiku ilikuwa imeacha matope upande ule. Ramazani akaja na mpira, na safari hii Amisi hakusimama. Alimwingilia kwa nguvu zote, kama mtu anayeruka mtoni macho yamefungwa. Wakaanguka pamoja, wakabingirika, Amisi akawa juu yake. Kaptura ya Ramazani ilikuwa kuukuu, ikapasuka kutoka kiunoni mpaka chini. Akabaki uchi pale mbele ya mkwe wake, mbele ya mama yake, mbele ya mji mzima.

Kicheko kikakatika. Nilisikia wanawake wakipiga yowe, kisha nikaona mama mmoja mzee anaingia uwanjani mbio, anavua kitambaa alichojitanda mabegani, anamfunika mwanawe. Ni mama yao Ramazani na Zaina. Amisi alikuwa amepiga magoti kando, amefunika uso kwa mikono miwili. Baadaye akasimama, akatoka, akaenda kukaa nyuma ya lori.

Mpira uliendelea, lakini watu wa Kabambare hawakuwa na moyo tena. Tukafunga mawili. Msimamizi alikuja kunishika mkono akisema, “Bravo, bravo.” Nikatabasamu. Kutabasamu kule ndiko kunakoniumiza zaidi leo.

Kurudi Kasongo hakuna aliyeimba. Tulikaa na kombe letu kama watu wanaosafirisha maiti.

Haikupita muda ndugu za Zaina wakaja kumchukua. Amisi akaja nyumbani kwangu. Nilitegemea matusi. Hakutukana.

“Wamemubeba,” alisema. “Weye ndio unajua maneno, Bwana Karani. Twende ukaseme.”

Tukaenda kwa baiskeli mbili, kila mmoja na mbuzi wake amefungwa nyuma. Kabambare tulipokelewa na baba mdogo wa Ramazani, mzee Sumaili, mkuu wa ukoo wao. Alitukalisha barazani. Ramazani alikaa kando, ametugeuzia mgongo nusu. Nikaanza hotuba yangu. Niliipanga vizuri: kazi ni kazi, mchezo una sheria zake, na kubwa zaidi, Mzungu alinibana.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho.

“Muzungu alikuambia Amisi amupige Ramazani?” akauliza.

“Hapana, Mzee.”

“Alisema nini?”

“Alisema tushinde.”

“Basi. Kushinda ni neno la Muzungu. Haya mengine ni ya nani?”

Nikageuka kutazama baiskeli. Mimi niliyezoea kuuliza watu maswali!

“Ekipe yako haikuwa na mutu mwingine wa kusimama pale?”

“Alikuwako.”

“Amisi hakukuambia?”

“Aliniambia.”

 Ndipo Ramazani alipogeuka, akasema bila hasira, “Mimi nilikuwa nangojea umuhamishe. Kila mara nilikuangalia pale pembeni. Nikasema, huyu amesoma, atafahamu sasa hivi.”

Ningefurahi kama angenipiga.

Walimpokea mbuzi wa Amisi. Akachinjwa, Amisi na Ramazani wakanawishwa mikono katika bakuli moja, Zaina akaambiwa afunge vitu vyake arudi kwa mumewe. Nikasimama kwenda kumfungua mbuzi wangu. Mzee Sumaili akaninyooshea mkono kunizuia.

“Wako rudi naye,” akasema. “Amisi ni mukwe wetu, aibu yake tunaweza kuiosha. Weye hatuna undugu na weye. Tutakuosha na nini?”

Nikarudi Kasongo na mbuzi analia nyuma ya baiskeli, Amisi na mkewe wanakuja nyuma yangu. Amisi hakucheza mpira tena. Hakuninunia, alinitengenezea hata kitanda cha mtoto, lakini nilipomwalika uwanjani alisema ana kazi. Na huko porini kupima pamba nilikokuogopa sana, nilipelekwa msimu uliofuata, tulipofungwa na timu nyingine. Kumbe kunakalika. Mtoto wetu wa kwanza alianza kutembea huko huko.

Sikuambii kwamba kila desturi ni njema. Nyingine bado nazikataa, na hii ya mkwe yenyewe sijapata mtu wa kunieleza sababu yake ikaniingia. Lakini sikuhitaji kuielewa. Nilihitaji kumsikia Amisi, maana yeye ndiye aliyekuwa na cha kupoteza.

Kwa hiyo, mwanangu, sikia haya. Watakubana, hilo huwezi kulizuia. Yule wa juu akikutishia, kitisho hicho kiishie kwako, usikipeleke kwa kijana anayekutegemea. Mchezaji akikujia kwa sauti ndogo, acha kila kitu umsikilize, kwa sababu jambo dogo halimfanyi mtu anong’one. Uliza maswali yako yote, ila na wewe mwenyewe ujiulize. Na ukifungwa kwa sababu ulikataa kumwaibisha mtu, fungasha virago vyako uende, nyumbani tutakupokea.

Mungu akuwekee wachezaji wanaothubutu kukwambia ukweli, akupe sikio la kuusikia kabla ya filimbi. Akujalie kazi usiyoionea haya, na watoto utakaowasimulia yote bila kuruka mahali. Nenda, mwanangu. Mkono wangu uko juu ya kichwa chako.