Homa ya Jumatano

Mke wangu alipopatikana na saratani ya mapafu, miaka ya elfu mbili hivi, alikubaliwa kwenye utafiti wa dawa mpya Nairobi. Daktari alitueleza bila haraka. Ndani ya sindano kulikuwa na kipande kifupi cha DNA kilichotengenezwa maabara, kikafananishwa na cha bakteria. Seli za kinga zikikikuta zinadhani mwili umevamiwa, zinaamka. Zikiwa macho, huenda zikaishambulia saratani ambayo zilikuwa zikiipita tu.

"Kwa hivyo mnaudanganya mwili wangu," mke wangu akasema.

"Kwa nia njema, mama," daktari akajibu, tukacheka sote watatu.

Kila Jumatano binti yetu, aliyeishi Kitengela, alikuja kumchukua kwa gari na kumpeleka Nairobi kudungwa sindano. Jioni homa ilimpanda, akatetemeka chini ya blanketi mbili, nami nikashukuru, kwa sababu daktari alisema homa hiyo ni dalili kwamba kinga imeamka. Baada ya miezi kadhaa homa ikakoma. Nikasimama katika kanisa letu Kajiado nikashuhudia kwamba Mungu ameuzoesha mwili wa mke wangu dawa. Nilisimama Jumapili nyingi. Watu walipiga makofi, yeye akainamisha kichwa. Nilidhani anaomba.

Binti aliposafiri kikazi, nikampeleka mimi. Muuguzi akafungua faili.

"Mzee, leo ni dawa ya maumivu tu. Ile ya utafiti ilisimamishwa kitambo, haikuwa ikisaidia. Hamkuambiwa?"

Mke wangu alikuwa akitazama sakafu.

"Yeye aliambiwa," nikasema.

Nyumbani nilimuuliza sababu.

"Ulikuwa unaomba kwa furaha, baba watoto. Ningekunyang'anya?"

"Mliniacha nisimame mbele ya watu niseme uongo. Wewe na mtoto wangu."

"Kwa nia njema," akasema, akijaribu kucheka. Sikucheka.

Jumapili hiyo nilisimama tena, nikawaambia waumini kwamba dawa ilikuwa imekoma kabla ya ushuhuda wangu wa kwanza. Hakuna aliyepiga makofi. Nilipoketi mke wangu alinishika mkono. Sikuuondoa wangu, lakini pia sikuufumba juu ya wake.

Alifariki kabla ya mvua. Namshukuru Mungu kwa miaka yote niliyoishi naye. Ila zile jioni za Jumatano, nilipomgusa paji la uso nikalikuta halina joto, nikasema asante Bwana, naye akanyamaza, bado naomba nipewe nguvu ya kuzisamehe.