Bei ya Watoto Bado Ipo kwa Mama Pedi

Ti, ti, ti. Ni mita ya umeme, inalia gizani kwamba yuniti zinakaribia kwisha. Saa kumi na moja alfajiri, mwanamke ambaye mtaa mzima unamwita Mama Pedi anavaa kandambili, anampita bintiye aliyelala fofofo na kuingiza tokeni. Kisha anafungua chumba cha mbele na kuanza kufuta pedi za gemu kwa kitambaa kibichi.

"Hili ni jasho la jana," anasema. "Mengine sitaki kuyajua."

Chumba hiki, ambamo watu hulipia kucheza gemu, kina runinga mbili, mabenchi na kadibodi ukutani: WATOTO NUSU BEI. Alikuwa msafishaji wa ofisi. Alipojifungua, alinunua mashine yake ya kwanza ya gemu, iliyokwishatumika.

Kinachomlisha ni gemu ya mpira. Kila mwaka hutoka toleo jipya, na asipokuwa nalo wateja huvuka barabara kwenda ukumbi wa pili. Likizo ya shule ndiyo humlipia kodi ya chumba, nayo inakaribia.

Zamani duka la mtandaoni liliuza gemu kwa bei ya chini katika nchi zenye kipato kidogo. Mwaka huu bei hiyo imefutwa. Duka lilieleza kuwa watu wa nchi tajiri walikuwa wakijifanya wanaishi huku ili wanunue rahisi. Toleo lililokuwa likimgharimu mapato ya wiki mbili sasa linamgharimu ya wiki tano.

"Kule mtu anafanya kazi siku moja, ananunua, na chenji inabaki," anasema bila hasira. "Mimi ni mwezi na ushee. Halafu naambiwa bei moja kwa wote ndiyo haki."

Mdogo wa mumewe, fundi pikipiki, alimshauri naye afute bei ya watoto ili hela itimie upesi. Hoja alikuwa nayo: vijana wenye ndevu huwatuma watoto kulipa, kisha pedi wanashika wao. Fundi anaijua vizuri mbinu hiyo, maana mwenyewe ameshanaswa akiitumia.

Mama Pedi aliibandua kadibodi. Jioni hiyohiyo akairudisha.

"Niliona nafanya yaleyale niliyofanyiwa. Mkubwa kadanganya, alipe mdogo?"

Badala yake amemweka bintiye, wa darasa la kwanza, mlangoni baada ya shule, apokee hela na kuangalia nani hasa atacheza. Anatumaini toleo jipya litapatikana kabla ya likizo. Likichelewa, wataendelea na la zamani, na wateja ameshawaambia ukweli.

Alasiri, mtoto wa jirani anafika na sarafu ya nusu bei. Nyuma yake amesimama fundi pikipiki, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, macho darini.

Binti anamtazama juu hadi chini, kisha anairudisha sarafu.

"Baba mdogo, wewe una ndevu."