Kindi Aliyeteka Koti la Afande

Nilikuwa nangoja dawa ya kuku kwa daktari wa mifugo hapa Kasese, akaingia askari mmoja mrefu, vidole viwili vimefungwa bendeji. Alisema amemlea kindi nyumbani kwa maziwa tangu akiwa kichanga, lakini sasa anamng'ata kila akigusa koti lake la kazi ukutani.

"Madam wangu kule nyumbani amesema nichague, yeye ama kindi," akaongeza kwa sauti ya chini.

Daktari, mama mfupi mwenye miwani, akamuuliza, "Afande, ndani ya mufuko ya koti iko nini?"

"Karanga. Anafichaga humo."

"Basi hiyo ni stoo yake, na wewe ni mwizi. Mupe sanduku kwa kona, aweke karanga yake humo. Mukono yako isiingie kabisa."

"Na koti?"

"Ngoja ahame mwenyewe."

Askari akapiga saluti.

Wiki kadhaa baadaye nilimkuta sokoni Bwera, pale mpakani, akiwa na mkewe, vidole vizima. Nilipouliza habari za kindi, mkewe ndiye aliyejibu, akicheka: "Iko sawa. Kona yake hata mimi sifagii."

Nikatazama upande wa Kongo, watu wakivuka watakavyo. Kuna mipaka yenye bunduki isiyoheshimiwa hivyo.