Doa Chini ya Ua la Hina

Shangazi yangu alikuwa na nyayo za kujivunia, na mimi ndiye niliyezipaka hina kila Idi, chumbani kwake mtaa wa Ndia Kuu. Wakati ule wa vita vikuu vya dunia nguo zilikuwa adimu, lakini hina ilipatikana, alhamdulillahi. Nilikuwa kigori mwenye mkono mwepesi, na ulimi mwepesi zaidi.

Idi ndogo moja nikaona kisiginoni pake doa jeusi, kadiri ya punje ya pilipili manga.

"Lo, shangazi! Hukusugua!" nikamgombeza.

"Hiyo ni piko, rangi nyeusi ya harusi ya juzi. Pigia ua hapo, ifichike. Umekuja kupaka au kuuliza?"

Nikapiga ua la petali nane. Lilitoka zuri, wallahi, nikajiona fundi.

Ilipofika Idi kubwa, ua lilikwisha kufutika zamani, doa lipo. Nikalisugua kwa ndimu na dodoki mpaka shangazi akanirushia mto. Basi nikapiga ua jingine, kubwa kuliko la kwanza. Ujinga ule unaniuma hadi leo.

Mwaka uliofuata, Idi ndogo tena, nikakuta limekuwa kama kokwa ya ukwaju, kingo zimemong'onyoka, upande mweusi, upande rangi ya chai. Nikaweka bakuli la hina chini. Piko gani hii inayokua?

"Sipaki," nikasema. "Mpaka uende kwa daktari."

"Mwanamume anitazame nyayo? Haiwi!"

"Basi nenda ukaamkie watu Idi na miguu mitupu, kama kuku."

Hapo nilimweza. Aibu ya daktari angeivumilia. Ya kukosa hina Idi, thubutu!

Daktari alikuwa mzee wa Kihindi, mpole. Shangazi alijifunika buibui mpaka puani, akatoa kisigino peke yake, uso kaugeuzia ukutani. Daktari akaniuliza mimi: lilianza lini, lilikuwa kiasi gani? Nikamwambia: Idi ndogo ya mwaka jana pilipili manga, Idi hii ukwaju.

"Saratani ya ngozi," akasema. "Watu hudhani ni maradhi ya Wazungu, wanaounguzwa na jua. Kwetu hujificha nyayoni, mahali pasipotazamwa."

Shangazi akaugeuza uso. "Nitakufa?"

"Tukilikata sasa, nina matumaini. Ungengoja Idi nyingine, nisingesema hivyo."

Hospitali wakalikata, na nyama ya kisigino kidogo pamoja nalo. Alichechemea miezi, akinituma huku na huko mpaka nikajuta kumpeleka. Mwongo mimi, sikujuta hata kidogo.

Idi iliyofuata akaninyoshea mguu. Kovu lilikuwa limejikunja, baya. Nikachovya kijiti, nikaanza kulipigia ua.

Akauvuta mguu wake.

"Hapo usipake, mwanangu," akasema. "Paache wazi, tuwe tunapaona."