Nilimfundisha Nane Badala ya Saba

Mimi ndiye niliyeiua bendi ya Mawimbi Saba. Watu wa Kyela wanamlaumu Mmalawi wa watu miaka yote hii, na mimi nimekaa kimya kama sihusiki. Leo nimechoka. Naomba unisikilize.

Tulianza tukiwa sekondari, watatu tu: Ambokile gitaa, Gwakisa ngoma, mimi besi. Baadaye akaja Tusajigwe, dada yake Ambokile, akashika kuimba. Bendi nyingine zilipiga nyimbo za kucheza. Sisi tulikuwa tumelewa kanda za roki zilizovuka mpaka kutoka Zambia, basi tukapiga wimbo mmoja dakika ishirini! Unaanza polepole, unageuka, unatulia, unageuka tena.

Mzee mmoja aliwahi kutupigia kelele ukumbini: "Sasa nyie, hapo tunacheza saa ngapi?"

Tusajigwe akamjibu kwenye kipaza sauti: "Kaa kwanza, baba. Miguu yenyewe itakwambia!"

Katikati ya wimbo huo kulikuwa na kipande cha mapigo saba. Ambokile alikitoa kwa mama yake, mfinyanzi wa Ikombe. Mama anagonga udongo mara saba, anazungusha chungu, anagonga tena. Ukikisikia kipande kile, unahisi sakafu imezunguka kidogo chini yako. Ah, jamani!

Miaka ya ruksa ilipofika, biashara ikafunguliwa, kila mtu akapata pa kukimbilia. Gwakisa aliacha ngoma akauze vitenge. Aliyempokea ngoma alikwenda Mbeya. Wa tatu aliona heri kokoa ya baba yake. Lakini tulikuwa na sheria moja: hakuna kuondoka bila kukabidhi. Anayekuja anahamia kwako, anakula kwako, unamfundisha sehemu yako mpaka aiweze hata usingizini. Hatukuandika muziki popote, vidole vyetu ndivyo vilikuwa daftari. Ndiyo maana wapiga ngoma walibadilika na wimbo haukubadilika.

Siku moja Ambokile alikuja kwangu Bujonde na kijana kutoka Karonga, jina lake Chisomo.

"Gwe, wewe, mkabidhi huyu besi," akaniambia. "Mengine tutaongea."

Mengine yapi? Hakusema. Alikunywa maji, akasema "ndaga", asante ya kwetu, akapanda baiskeli yake akaondoka.

Mimi niliyeanza naye! Mimi niliyelala naye bweni moja! Ananitoa bila hata kuniambia kosa langu, tena wiki chache kabla ya tajiri mmoja wa kurekodi kanda za muziki kuja kutusikiliza! Nilihisi nimesalitiwa kama mbwa anayefukuzwa nyumba aliyoilinda. Na sikuuliza. Kiburi kilinizuia.

Mvua za mwezi wa nne zikakata barabara. Maji yalijaa mashamba ya mpunga hadi mlangoni, tukakaa wiki tatu mimi na Chisomo bila kufika mjini kufanya mazoezi na wenzetu. Kijana alikuwa na adabu kupita kiasi. Alinisalimia kila asubuhi kwa kupiga makofi kama desturi ya kwao, akaniita mwalimu. Nilimfundisha kila kitu sawasawa, mpaka tulipofika kwenye kile kipande.

"Hapa ni ngapi, mwalimu?"

Nikamtazama machoni. "Nane."

"Nane?"

"Nane. Usimsikilize mtu mwingine."

Mungu wangu! Kijana akahesabu nane, akatabasamu, akanishukuru.

Maji yalipungua siku yenyewe ya onyesho, Jumapili mchana. Ukumbi ulijaa. Mimi nilikaa kiti cha nyuma kabisa, mikono kifuani, nasubiri. Walianza vizuri, nikaogopa labda uongo wangu hautaonekana. Kisha wakaingia kwenye saba. Besi ikachelewa pigo moja. Mara mbili. Mara tatu. Ngoma ikayumba, Tusajigwe akapotea, watu wakaanza kucheka. Ambokile akasimamisha gitaa. Nilisikia mtu akisema, "Huyu Mmalawi hajui kuhesabu." Tajiri wa kanda alitoka kabla hata ya kicheko kuisha.

Nilikwenda nyuma ya jukwaa. Usiniulize kwa nini. Nadhani nilitaka kuona aibu yao. Nikamkuta Tusajigwe analia.

"Umeona sasa?" akasema. "Leo ndiyo siku kaka alitaka kukuita mbele akupe gitaa lake."

"Gitaa gani?"

"La kwake! Vidole vyake vinakufa ganzi, miezi sita sasa. Alikuficha kwa sababu anajua ungekataa. Chisomo ameletwa achukue besi ili wewe uchukue nafasi ya kaka."

Ndugu yangu, nikageuka nitoke bila kukiri. Ambokile alipita akanigusa bega tu. Alidhani nahuzunika pamoja naye!

Bendi haikupiga tena. Chisomo alivuka mpaka na lawama zote mgongoni. Mimi nikaanza kuhangaika: Mbeya, Tunduma, Chunya kwenye dhahabu. Sijakaa mahali pamoja hata miaka miwili.

Mwaka jana nilikwenda Karonga kwenye harusi ya ndugu. Bendi ikapiga. Nikautambua wimbo wetu! Ulipofika katikati, ukatembea nane, wima, sakafu haikuzunguka. Mpiga besi mwenye mvi akaniona, akaacha gitaa na kuja mbio.

"Huyu ndiye mwalimu wangu!" akawaambia vijana wake. Wakanipigia makofi ya heshima, wote.

Kisha akanivuta pembeni. "Achimwene, kaka yangu, siku ile wenzako ndio walikosea. Mimi nilishika nane yako. Sijaiacha mpaka leo."

Nikamwambia asante. Asante! Ndicho nilichoweza kusema, nikaondoka kabla ya chakula.

Wewe unayesoma, ukiachwa bila maelezo, uliza. Uliza hata kama unatetemeka kwa hasira. Na ukimkabidhi mtu kazi yako, mkabidhi yote, kwa maana atawapa wengine kile ulichompa. Uongo wangu sasa una wanafunzi wake, nao wana heshima kuliko mimi.

Chisomo, wewe hukukosea. Zilikuwa saba.