Kikopo cha Zuhura Nilichokiita Marashi

Mpaka leo nikipita mtaani kwetu Isevya kuna watu wazima, wenye ndevu na wajukuu, wananiita Marashi, na mimi naitika kwa sababu nimechoka kubisha, lakini msidhani nimependa. Jina nililopewa na wazazi ni Maulidi, kazi yangu fundi baiskeli, masomo yangu yaliishia darasa la saba, na aibu hii nimejitia mwenyewe kwa mdomo wangu, sikatai. Ila nikimaliza kusimulia mtaniambia kama siku ile nilistahili kuaibika peke yangu.

Dada yangu Zuhura ana pumu, tangu mdogo. Anatumia dawa ya kuvuta, kile kikopo cha kubonyeza ambacho mgonjwa anakitia mdomoni, anabonyeza, anavuta, kifua kinafunguka. Sasa mwaka juzi, mwezi mmoja kabla ya harusi yake, kikopo kikaisha, na mwaka juzi mnaukumbuka ulivyokuwa, nchi nzima ilikuwa haina sabuni, haina betri, haina tyubu za baiskeli (nilikuwa naziba viraka juu ya viraka mpaka tyubu inakuwa kama shuka ya maskini), sembuse dawa ya kuvuta. Kila nilikokwenda na karatasi ya daktari niliambiwa haipo, njoo wiki ijayo, na wiki ijayo naambiwa haipo, njoo wiki ijayo. Mtu anaambiwaje avumilie kupumua mpaka wiki ijayo?

Na juu ya hapo mama alinifunga mdomo. Mchumba wa Zuhura ni Idi, fundi cherehani wa Kitete, na mama alikuwa na hofu kwamba watu wa Idi wakijua bibi harusi ana pumu watasema ni ugonjwa wa ukoo, atawarithisha watoto, posa itarudi. "Maulidi," akaniambia, "tafuta dawa, lakini asijue mtu ni ya nani. Ukimtaja dada yako umemvunjia nyumba kabla haijajengwa." Basi nikatafuta kama mwizi.

Aliyeniokoa ni Bwana Hirji, mzee mwenye duka la dawa mjini. Mara tatu alikuwa amenirudisha. Mara ya nne aliisoma ile karatasi muda mrefu, akaingia ndani kwake, akatoka na kikopo kipya, akakiviringisha kwenye kipande cha gazeti.

"Hiki kilikuwa cha mke wangu. Yeye yuko Dar kwa mtoto, huko anapata. Mpelekee mgonjwa wako. Moja kwa moja nyumbani, kijana, usizurure."

"Bwana Hirji, sijui nikushukuruje."

"Nishukuru kwa kwenda."

Moja kwa moja nyumbani. Sikilizeni sasa nilivyofanya.

Njiani kuna duka letu la ushirika, na mbele ya duka kulikuwa na foleni ya mawe. Kila nyumba inaweka jiwe lake badala ya mtu, na jiwe letu nililipaka rangi nyekundu ya baiskeli, unaliona toka mbali. Lilikaa pale siku mbili bila duka kufunguliwa. Mimi nafika na kikopo mfukoni, naona mlango unafunguliwa, watu wanakimbilia mawe yao, na mama mmoja anapiga kelele, "Khanga! Leo ni khanga!" Na sheria ya pale, mlango ukifunguliwa mwenye jiwe hayupo, jiwe linapigwa teke.

Asubuhi Zuhura nilimwacha anapumua vizuri kidogo. Nikajiambia, dakika chache tu. Nikajiona (mimi ni mtu wa kuota mchana, fundi mwenzangu ananitania kwamba naziba tairi huku nimeshafungua kiwanda) naingia nyumbani mkono huu dawa, mkono huu doti ya khanga za harusi, mama analia kwa furaha, Zuhura anacheka, mtaa mzima unasema yule kijana ni mwanamume. Nikasimama kwenye jiwe langu.

Aliyekuwa mbele yangu akageuka, na ni nani? Bi Mosi, shangazi yake Idi, ndiye aliyeleta posa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Bibi harusi hajambo?"

"Hajambo kabisa, ana nguvu kama farasi." (Nani aliniuliza habari za farasi?)

Akatazama mfuko wangu wa shati ulivyotuna, gazeti limefunguka, kikopo kimechungulia kinang'aa. "Na hicho nini?"

Ningeweza kusema mafuta ya cherehani. Ningeweza kusema haikuhusu, kwa heshima. Badala yake ulimi wangu ukasema, "Marashi, shangazi. Ya kupuliza. Ya bibi harusi."

"Marashi!" Bi Mosi hakunong'ona. "Jamani, huyu kijana ana marashi ya kupuliza!"

Neno hilo likashuka foleni kwa kasi kuliko moto wa nyasi. Watu hawajaoga na sabuni wiki tatu, wanasikia marashi! "Yanatoka wapi?" "Yanauzwa duka gani?" Mama mmoja wa Lusu aliyekuja mjini kwa shughuli zake akashika kifua, "Mayo wee! Sisi tunafulia majivu, vijana wa mjini wanajipulizia marashi!" Na mwingine akamalizia, "Ndiyo hao walanguzi wenyewe."

Neno ulanguzi likamleta mgambo aliyekuwa analinda mlango. Kofia imekaa upande, kirungu kwapani.

"Ndugu, toa hicho kitu."

"Afande, ni kitu kidogo tu cha nyumbani."

"Toa."

Nikatoa. Akakigeuza, akasoma maandishi ya kizungu kama anayeyajua, akatikisa kichwa. "Mali ya magendo hii. Umeipata wapi?"

Sasa niseme nini? Nikimtaja Bwana Hirji, watamvamia mzee wa watu. Nikitoa karatasi ya daktari, ipo mfukoni mwa suruali, imeandikwa jina la Zuhura herufi kubwa, na shangazi yake Idi amesimama hapa, shingo imerefuka. Nikainamisha kichwa. Mgambo akaona nimekubali kosa. Na ili ushahidi ukamilike (ndivyo alivyosema, "tuhakikishe ushahidi") akafungua kifungo cha shati, akaelekeza kikopo kwapani, akabonyeza.

Pfff.

Akanusa. "Haya marashi gani hayanukii?" Akabonyeza tena. Akageuza kwapa la pili.

Nyinyi mnacheka. Mimi sikucheka. Kila kiliposema pfff niliona pumzi ya Zuhura inakwenda kwenye kwapa la mwanamume mzima. Moja, mbili, tatu. Akampa mwenye duka ahakikishe naye, mwenye duka akajipulizia shingoni, akasema yana ubaridi. Mama wa Lusu akaomba kwenye mkono. Tano, sita. Jamani, dawa niliyoitafuta mwezi mzima, watu wananusishana kama tumbaku! Na mimi, na miguu yangu yote miwili, nimesimama juu ya jiwe jekundu nasema, "Taratibu, jamani, taratibu," sijui nilikuwa namwonea huruma nani?

Habari ya mtu kukamatwa hufika Isevya kabla ya aliyekamatwa. Ilikuwa pumzi ya tisa, mgambo anajipulizia kwenye kola, nikasikia watu nyuma wanasema mpisheni, mpisheni, na nikamwona Zuhura. Amekimbia toka nyumbani. Amekimbia, na hana dawa. Mabega yanapanda na kushuka, kifua kinalia kama tyubu inayovuja, mkono umeshika nguzo ya duka.

"Mwachieni," akasema, akavuta pumzi. "Kaka." Akavuta tena. "Yangu."

Hapo sikukumbuka mama alisema nini wala posa ni kitu gani. Nilimrukia mgambo nikampokonya kikopo, na sauti iliyonitoka sijawahi kuisikia. "Ni dawa! Si marashi, ni dawa ya pumu ya dada yangu! Mnajipulizia dawa, mnamwua mtu, washenzi nyie!" (Mgambo nimemwita mshenzi mbele za watu, ndiyo. Sijamwomba radhi.) Nikakitikisa, nikamtia Zuhura mdomoni, nikabonyeza, akavuta. Tena. Mpaka mabega yakatulia, akaketi juu ya jiwe la mtu.

Wa kwanza kusema alikuwa mgambo. Mnadhani alisema samahani? Aliuliza, "Sasa hii dawa haitanidhuru kwapani?"

Nikamgeukia Bi Mosi, machozi yananitoka. "Shangazi, mmeshajua. Kama posa mnairudisha, irudisheni, lakini msimcheke."

Bi Mosi alikuwa tayari amevua khanga yake ya mabegani anampepea Zuhura. "Tumejua leo? Siku ya posa, alipoleta chai, tulimsikia kifua tokea mlangoni. Idi alijua kabla yetu. Tulikuwa tunawasubiri nyinyi mseme." Kisha akanitazama toka kichwani mpaka viatuni. "Pumu si aibu, mwanangu. Wewe na marashi yako ndiyo aibu."

Foleni ikaangua kicheko. Hata Zuhura alicheka, na nilipomwona anacheka bila kukohoa nikavumilia. Khanga ziliisha tukiwa pale. Jiwe letu lilikuwa limepigwa teke hadi mtaroni.

Harusi ilikuwepo, alhamdulillahi, na mrashi ulipopitishwa wageni wanyunyiziwe marashi, ulipofika kwangu Bi Mosi akasema kwa sauti, "Huyo mrukeni, ana yake." Nikacheka na wenzangu. Lakini usiku huo nilipolala nilizihesabu zile pumzi tisa, kwa sababu kikopo kile kiliisha mapema, na aliyehangaika upya kutafuta kingine si mgambo wala mwenye duka.

Nimekula kiapo, na nakitimiza. Juzi nilikuwa natoka mjini na kikopo kingine, nimekificha kwenye gazeti vilevile, na pale dukani nikakutana na mgambo, yuleyule. Akainua kirungu. "Marashi! Umebeba nini leo?"

Nikasimama katikati ya njia, nikajibu kwa sauti ya kufika sokoni. "Dawa ya pumu ya dada yangu Zuhura, mke wa Idi fundi cherehani wa Kitete. Na usiiguse."

Akarudisha mikono nyuma. Nikaenda moja kwa moja nyumbani.